Jembe la Vigelegele

Kama kuna mtu aliyewahi kumwona Mama Athanas akikaa kimya kwa muda wa kumenya kiazi kimoja, hajajitokeza hadi leo. Jina lake la ubatizo lilikuwa Euphrasia. Alikuwa mhudumu wa zahanati ya misheni karibu na Ushirombo, na kila Jumatano alasiri alifundisha darasa la afya kwa wakimbizi wa Burundi waliopewa ardhi ng'ambo ya kijito. Mahali pale paliitwa Mapokezi, ingawa mapokezi yenyewe yalikuwa turubai mbili, pipa la maji na karani mwenye mafua. Huo ulikuwa mwaka wa sabini na mbili. Kufikia Oktoba ya sabini na nne turubai zilishachanika, karani alishahamishwa, na watu walishajenga nyumba zao za udongo, lakini jina lilibaki.

Darasani Euphrasia alifundisha kuchemsha maji, kuchimba choo na kulisha watoto. Na kila somo, liwe la choo au la minyoo, alilimalizia palepale: kazi.

"Ukiona moyo unakuelemea, shika jembe," alisema. "Mimi mume wangu alipofariki, siku ya tatu nilikuwa shambani. Niangalieni. Nimekufa?"

Watu walicheka kwa adabu. Mzee Ansgar, katekista aliyekimbia pamoja nao, alitafsiri kwa Kirundi huku naye akicheka kidogo. Hakuna aliyemuuliza Euphrasia zaidi ya hapo, na kusema kweli hakuwa akiacha upenyo wa kuulizwa.

Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni Justina. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyefika na mtoto mmoja mgongoni, Spesioza, ambaye sasa alikuwa na miaka minne. Justina alipika, aliteka maji, alimsuka mwanawe nywele. Kusema hakusema, na kulima hakulima. Shamba alilopimiwa lilikuwa magugu matupu ya kufika kiunoni, katikati ya mashamba ya wenzake yaliyokwisha kufyekwa yakingoja mvua. Aliishi kwa kuwatwangia majirani. Wengine walimwita mvivu, wengine walisema amerogwa, na watoto walishaanza kumwita kichaa. Bujiku, mwenyekiti wa kijiji, Msukuma mnene mwenye sauti iliyozoea kuswaga ng'ombe, alishatamka mara mbili mkutanoni kwamba kijiji hakina nafasi ya mikono isiyoshika jembe.

Euphrasia alimwonea huruma Justina, na huruma yake haikuwa ya kukaa. Ilipompanda ilikuwa lazima atoke afanye jambo. Akapanda basi hadi Kahama akanunua jembe jipya. Mpini akauchonga mwenyewe, akautia, akautingisha mara mbili, akaridhika.

"Mama Athanas, mpini huo utamwangukia mtu mguuni," alisema Thobias, mganga msaidizi wa zahanati, kijana mpole aliyevaa miwani iliyofungwa uzi.

"Wewe shika sindano zako," akajibiwa.

Jumatano ilipofika alilitoa mbele ya darasa zima. Alisema maneno mengi, ambayo Mzee Ansgar aliyafupisha kwa huruma. Akamwita Justina mbele, akamnyooshea jembe kwa mikono miwili, na yeye mwenyewe akaanzisha vigelegele. Wanawake wakaitikia. Wanaume wakapiga makofi.

Justina alilitazama lile jembe. Akawatazama watu wanaoshangilia, mmoja mmoja, kana kwamba anawahesabu. Kisha akapiga ukelele ambao Euphrasia hakuwahi kuusikia hata katika chumba cha uzazi, akamnyakua mwanawe na kukimbia nyumbani. Jembe lilibaki mikononi mwa mwenyewe.

Siku ile Justina hakula, na kesho yake hakula. Alikaa sakafuni ameupa mlango kisogo, na uji waliompelekea majirani akampa Spesioza wote. Ijumaa hata maji aliyakataa. Jumamosi Bujiku alikuja, akachungulia, akatoka anajifuta jasho.

"Huyu ni mgonjwa wa akili," alimwambia Thobias. "Mwandikie barua aende Dodoma, kwenye hospitali yao. Gari la wilaya litapita Jumatano. Mtoto atapelekwa kwa masista huko mbali, wanakolea yatima."

"Mtoto ana mama," Thobias akasema.

"Mama gani hali? Unataka wafe wote wawili mikononi mwangu?"

Thobias hakuwa mtu mbaya, na Bujiku naye hakuwa mtu mbaya. Walikuwa watu wawili walioogopa. Thobias alirudi zahanati akaketi mbele ya fomu ya rufaa. "Dawa ya malaria ninayo," alimwambia Euphrasia bila kuinua uso. "Dawa ya minyoo ninayo. Ya huyu sina, mama. Kule angalau kuna waliosomea."

Euphrasia alichukua ufagio, akaanza kufagia sakafu iliyokwisha kufagiwa. Alijua jambo moja ambalo hakuna aliyekuwa amelisema waziwazi: hadi Jumatano iliyopita yule mwanamke alikuwa akila. Kilichomwangusha kilitoka Kahama, na aliyekileta ni yeye. Wakimtia garini, mtoto yule atakua bila mama kwa sababu ya zawadi yake.

Jumapili baada ya misa alimfuata Mzee Ansgar nyumbani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Athanas. Karibu kigoda."

"Sikuja kukaa. Niambie nilifanya nini."

Mzee alikuwa akisuka ungo, na aliendelea kusuka hadi alipoona kwamba mgeni haondoki.

"Kwetu," akasema, "mtu akifiwa hashiki jembe. Anakaa. Anakaa mpaka ndugu zake waje wamwambie, basi, imetosha, inuka. Ndugu ndiye anayemkabidhi jembe. Analima mapigo machache, watu wanakunywa pombe ya mtama, matanga yamekwisha. Siku hiyo ina jina lake, tunaiita kuganduka. Kabla ya hapo, ukimpa mfiwa jembe ni sawa na kumwambia watu wako tumeshamalizana nao."

Euphrasia akashika kizingiti cha mlango.

"Justina alichukuliwa mume na watoto wawili wa kiume," mzee aliendelea. "Walipakiwa kwenye lori la askari mchana, yeye akiwa kisimani na huyu mdogo mgongoni. Hakuona maiti, hakuona kaburi, hakuna ndugu aliyefika kukaa naye. Amekuwa akiwangoja, au anangoja mtu wa kumwambia asiwangoje. Miaka miwili na nusu. Ndipo ukaja wewe."

"Na vigelegele," Euphrasia akasema kwa sauti ndogo.

"Na vigelegele."

"Wewe ulikuwepo! Ulinitafsiria, mzee! Mbona ulinyamaza?"

Hapo mzee aliuweka ungo chini. "Nilipiga makofi pia," akasema. "Uliniona. Mama Athanas, mimi nimeacha kule mke na binti. Nililima mwezi ule ule niliofika. Kila nyumba unayoiona hapa ina matanga ambayo hayakukaliwa. Tungekaa sote, nani angelima? Nani angetupa chakula? Tukakubaliana bila kukubaliana kwamba jambo hilo limebaki ng'ambo ya mpaka. Yule mama peke yake ndiye aliyekataa. Sisi tunaomwita kichaa, tunamwonea aibu."

Euphrasia alirudi kwa njia ya kijitoni, na waliokutana naye walishangaa kusalimiwa kwa kifupi. Alipofika kwa Justina alivua viatu, akaingia, akaketi sakafuni kando ya mlango na kunyoosha miguu kama wanavyoketi wanawake msibani. Maneno yalimjaa kifuani. Alikuwa na pole za Kiswahili, pole za Kisumbwa, lugha ya kwao, na pole alizosomewa na masista. Akazimeza zote. Sijui kama kuna kazi ngumu zaidi aliyowahi kuifanya, na mwanamke yule alishazalisha mapacha ndani ya basi.

Alikaa hadi jua likaanza kushuka, akaenda zake. Jumatatu asubuhi alirudi, akaketi palepale. Spesioza alimzunguka mara kadhaa, akamgusa pete, mwishowe akalala mapajani pake. Inzi walikuja na kwenda. Kuelekea saa sita, nyuma ya kile kisogo, ikatoka sauti iliyokauka kwa kutotumika, kwa Kiswahili cha kuokoteza.

"Wewe unalilia nani?"

Euphrasia alijigusa shavu, akakuta limelowa. Alitaka kusema "nakulilia wewe," jibu zuri lenye upendo. Lakini kilichotoka mdomoni ni jina la mume wake.

"Eustace," akasema.

Halafu hakuweza kuacha. Akasimulia, polepole, kwa maneno rahisi ili aeleweke. Eustace alikwenda Geita kutafuta dhahabu, mwaka wa sitini na nne, yeye na wenzake watatu, katika shimo walilochimba wenyewe. Lilititia asubuhi. Wenzake waliokuwa juu walichimbua siku mbili, udongo ukazidi kuporomoka, wakaacha. Yumo mpaka leo. Aliyeleta habari alileta kofia yake tu. Na yeye, Euphrasia, alikuwa na Athanas anayenyonya na mahindi yanayotaka palizi, na watu walikuwa wengi wakimtazama ataanguka lini. Siku ya tatu akashika jembe. Wakamsifu, wakasema huyo ndiye mwanamke. Sifa zile akazishika hivyohivyo, miaka kumi, na kuwafundishia watu.

"Kofia ninayo sandukuni," akasema. "Sijawahi kuifungua ile nguo niliyoifungia. Naogopa haina tena harufu yake."

Justina aligeuka. Ndiyo mara ya kwanza kwa Euphrasia kumwona usoni karibu hivyo. Midomo ilikuwa imepasuka, macho yalikuwa ya mtu mwenye akili zake timamu kabisa. Justina aliinuka kwa kuushika ukuta, akachota maji katika mtungi, akampa mgeni wake. Euphrasia akanywa nusu, akamrudishia kata. Justina akaiangalia ile nusu kwa kitambo. Akanywa.

Mchana ule walikula uji wa mtama katika bakuli moja, wote watatu, na Spesioza ndiye aliyekomba.

Kilichobaki ni Bujiku na barua. Jumanne asubuhi Euphrasia alimkuta mwenyekiti kwenye baraza la zahanati pamoja na Thobias, fomu iko mezani.

"Amekunywa, amekula, amesema," akatangaza. "Haendi popote."

"Mayu," Bujiku akasema, yaani mama, maana alipotaka kuwa mpole Kisukuma kilimtoka, "leo amekula, kesho je? Nipe jina la ugonjwa. Wakiniuliza wilayani kwa nini gari limerudi tupu, niseme anaumwa nini?"

"Anaumwa matanga."

Thobias alivua miwani. "Hakuna nafasi ya hilo kwenye fomu."

"Basi liandike pembeni!" Akamwaga yote aliyoyasikia kwa Mzee Ansgar, na alipofika kwenye lile lori la mchana akakaa chini kwenye ngazi.

Bujiku akakuna kidevu. "Na sisi pia," akasema, "kwetu Samuye, mtu akifa kijijini hakuna anayekwenda shambani. Baba yangu alikuwa akimtoza faini ya mbuzi mtu wa namna hiyo." Akamgeukia Thobias kwa hasira, kana kwamba kosa ni lake. "Mbona hakuna aliyeniambia kwamba hawa wana msiba?"

"Tulijua, mwenyekiti," Thobias akajibu taratibu. "Tuliwapokea wote siku moja, wengine wakiwa na damu nguoni. Tuliwauliza majina, umri na idadi ya watoto. Hatukuwauliza nani amebaki nyuma."

Bujiku aliondoka bila kuaga. Nusu saa baadaye kipande cha reli kilichoning'inia shuleni kiligongwa kwa mapigo ya msiba, na mgambo wakapita nyumba kwa nyumba, kijijini na Mapokezi: kesho hakuna kulima, mwenyekiti amefiwa. Watu walipouliza amefiwa na nani, mgambo walijibu wameagizwa kusema hivyo tu. Na mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya, wiki ile ambayo kila siku moja ya shamba ina thamani yake.

Kwa hiyo gari la wilaya lilipofika Jumatano, dereva alikuta watu mia na zaidi wameketi chini mbele ya nyumba ya Justina, Wasumbwa, Wasukuma na Warundi, wanawake wamefunga kanga viunoni, wanaume wamevua kofia. Alishuka, akatafuta mtu wa kuongea naye, akamwona Thobias.

"Nimekuja kuchukua mgonjwa. Yuko wapi?"

Thobias aliwatazama watu wote wale. "Ndio hawa," akasema. "Gari lako halitoshi, ndugu. Kaa kidogo."

Dereva alisita. Kisha akavua kofia naye akaketi.

Mzee Ansgar alisimama kusali, sala ikamshinda katikati. Badala yake akataja jina la mkewe, na jina la binti yake. Akakaa. Halafu mwanaume mmoja wa nyuma akataja kaka zake wanne, akarudia la mwisho mara mbili. Akaja mwingine, na mwingine. Watu waliofanya kazi bega kwa bega kwa miaka miwili na nusu walikuwa wakisikia kwa mara ya kwanza nani aliacha nani. Kazi hiyo ilichukua hadi jua lilipopinduka, na hakuna aliyeikatiza.

Justina alikuwa karibu wa mwisho. Alisimama mlangoni na Spesioza mkononi. "Silveri," akasema. "Melkiori. Liberati." Akamwonyesha mwanawe mbinguni kwa kidole, akaketi. Kutoka kando ya mlango Euphrasia akasema, "Eustace," na Wasumbwa waliomjua tangu usichana wake wakageuka kumtazama.

Walikaa siku saba. Mchana watu walikwenda kwenye shughuli zisizo za jembe, jioni wakarudi kuketi. Thobias alikuwa akija na daftari. Mwanzoni aliuliza mambo ya homa na tumbo, baadaye akajifunza kuuliza unalalaje, unaota nini, unaogopa saa ngapi. Watu kumi na mmoja walimwambia hawajalala usingizi wa kweli tangu wavuke mpaka. "Nao nilikuwa nawapa aspirini," alimnong'oneza Euphrasia, uso umemshuka. Akaandika majina yao, na tangu hapo akawa akiwapitia kila wiki, hata bila dawa mkononi.

Siku ya saba pombe ya mtama ilikuwa tayari. Mzee Ansgar akauliza jembe liko wapi. Euphrasia alikuwa amelificha uvunguni mwa kitanda chake kwa aibu. Alilileta limefungwa kwenye kanga. Kila familia ilikuwa na ndugu, au jirani aliyekubali kuwa ndugu, wa kuikabidhi jembe. Justina hakuwa na mtu. Euphrasia aliyajua hayo, na alikuwa amepanga kumpa Mzee Ansgar jembe ili yeye amkabidhi Justina, maana zawadi yake mwenyewe alishaiharibu mara moja.

Lakini Justina alinyoosha mkono, akalichukua. Akalishika kwa mikono miwili kama alivyolishika Euphrasia siku ile, akamgeuzia.

"Wewe kwanza," akasema. "Miaka kumi."

Euphrasia alikuwa ameshika jembe kila msimu tangu sitini na nne, na hakuna shamba kati ya lake na barabara lisilomjua. Hata hivyo alipoupokea mpini ule alisimama nao kama aliyesahau unatumikaje, hadi Bujiku akasogea kumshika kiwiko. Akaingia kwenye magugu ya Justina, akapiga mara moja, mara mbili, mara tatu. Alilia kwa sauti, bila kujifunika, na wanawake walimwacha alie mpaka akamaliza. Hakuna aliyemwambia jikaze. Alipojifuta uso alimkabidhi Justina jembe, na Mzee Ansgar akasema kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili ili kila mtu asikie, kwamba ndugu amemkabidhi ndugu.

Justina akainua, akapiga. Magugu yaling'oka na mizizi. Akapiga tena, akasimama, akalitazama jembe kwa jicho la mtu aliyelima tangu utoto. Akalitingisha.

"Mpini huu," akauliza, "nani kautia?"

"Mimi," Euphrasia akasema.

"Umeutia vibaya. Unacheza."

Thobias aligeuka upande, akakohoa kwenye ngumi. Justina alichuchumaa, akatafuta jiwe, akaanza kuugonga mpini ukae, akigonga na kunung'unika kwa Kirundi kama mkulima yeyote aliyeuziwa kitu kibovu. Spesioza, ambaye hakuwahi kumsikia mama yake akilalamika, alicheka kwa sauti. Euphrasia alichuchumaa upande wa pili, akamshikia lile jembe lisiteleze, na hakusema neno.